Mbayuwayu wamerudi Ujiji: je, tumewaangalia?



Naanza makala hii kwa kuungama. Miaka miwili iliyopita, nikiwa likizo ya Noeli, nilishika ngazi wakati vijana wenzangu wakibomoa viota vya ndege chini ya paa la kanisa. Parokia sitaitaja, maana kosa lilikuwa langu pia. Kanisa lilikuwa linapakwa rangi, ukuta ulikuwa umechafuliwa na kinyesi, na katika kikao cha maandalizi mjumbe mmoja alisema maneno yaliyomaliza mjadala: "Hao ndege ni wageni tu, wanatoka Ulaya. Waende wakajenge kwao." Tukacheka. Mimi, frateri niliyetegemewa kujua kitu, nikaongeza kwamba ni kweli, mbayuwayu hutoka Ulaya.

Kiota cha nne kilipoanguka kilipasuka sakafuni. Ndani yake walikuwamo makinda watatu ambao manyoya yalikuwa hayajawafunika. Hatukujua la kufanya nao. Kijana mmoja aliwazoa kwa koleo pamoja na tope. Siku tatu baadaye tuliimba kwa furaha habari za Mtoto aliyekosa nafasi katika nyumba ya wageni.

Baadaye nilikuja kujua kwamba hata maelezo yangu pale kikaoni hayakuwa sahihi. Ndege waliojenga chini ya paa lile walikuwa wenyeji kabisa. Ni mbayuwayu wa hapa hapa, wenye michirizi myeusi kifuani na rangi ya kutu kichwani na kiunoni, ambao hujenga kwa tope kiota chenye mlango mrefu kama shingo ya chupa. Hao huzaliana hapa wakati wa mvua. Mbayuwayu wanaotoka Ulaya ni wengine. Wana mgongo mweusi unaong'aa kwa buluu, koo jekundu la kuiva, na mkia uliogawanyika kama uma. Hao hawajengi kiota hapa hata kimoja. Wanakuja kula, kubadilisha manyoya na kusubiri, kisha wanarudi kuzaa kaskazini. Kwa hiyo tuliwahukumu wenyeji kwa kosa la kuwa wageni, na wageni wenyewe walikuwa wamekaa juu ya nyaya za umeme wakitutazama.

Hoja yangu katika makala hii ni fupi: kutoangalia ni kosa, na kosa hilo lina madhara. Kuangalia ndege si mchezo wa watalii wenye darubini. Ni sehemu ya imani yetu na ya elimu yetu, na sisi tunaokaa kando ya Ziwa Tanganyika tumepewa nafasi nzuri ya kuifanya kila mwaka.

Wanavyofika

Kwetu Ujiji hatuna majira ya kuchipua kama yanayosimuliwa katika vitabu vya Ulaya. Tuna kiangazi na tuna mvua. Lakini tuna kuchipua kwetu. Mwezi wa Oktoba, vumbi likiwa bado limelala juu ya majani ya miembe na joto likizidi, mawingu huanza kujikusanya upande wa Kongo jioni. Ndipo mbayuwayu wa kwanza huonekana. Mwaka huu niliwaona kabla sijarudi seminarini, saa kumi na moja jioni, wakipita chini chini juu ya maji ufukweni, kati ya mitumbwi iliyopakiwa taa na nyavu tayari kwa dagaa. Niliwahesabu saba. Wiki moja baadaye sikuweza kuwahesabu tena.

Ukiwatazama vizuri siku hizo utaona wamechoka. Manyoya yamefifia, na wengi mikia ni mifupi, kwa sababu ni vijana waliozaliwa mwaka huo huo na hawajawahi kuiona Afrika. Ndege huyu ana uzito wa gramu ishirini hivi. Wapo wanaosafiri kilomita elfu kumi, kutoka kaskazini ya Ulaya mpaka ncha ya kusini ya Afrika, na wengine huishia kwetu. Wanavuka bahari na jangwa. Mvua za kwanza zinapopiga na kumbikumbi kutoka ardhini, utawaona juu ya bonde la Mto Luiche wakila angani bila kutua, pamoja na mwewe na keremkerem. Keremkerem utawasikia kabla hujawaona, maana hupita juu sana wakiitana kwa sauti inayoviringika. Kufikia Machi, mbayuwayu wanakuwa wamevaa manyoya mapya na mikia mirefu. Wanajipanga juu ya nyaya, mamia kwa mamia. Siku moja asubuhi unaamka na nyaya ni tupu.

Jirani yetu mmoja, mzee Mwislamu aliyevua samaki maisha yake yote, ndiye aliyenifundisha kuwangoja. Nilipompa shikamoo jioni ile aliitikia marahaba, kisha akanyoosha kidole ziwani. "Mjukuu wangu frateri, wamefika hao. Mwambie baba yako aangalie bati la jikoni." Nilimuuliza kwa nini watoto wa nyumbani kwake hawawapigi kwa manati. Akanijibu kwamba walipokuwa chuoni, yaani madrasa, walisomeshwa habari za ndege Ababili walioilinda nyumba ya Mungu dhidi ya jeshi la tembo, na wazee wao waliwaambia mbayuwayu ni wa ukoo huo. "Basi mtoto akimlenga tunamkanya." Nilinyamaza. Nilikumbuka ngazi niliyoishika.

Kosa la wenye elimu

Sisi tunaosoma falsafa tunafundishwa kwamba Aristotle alisema falsafa huanza na mshangao. Tunafundishwa pia ule mfano wake maarufu katika kitabu cha maadili, kwamba mbayuwayu mmoja hatoshi kuleta majira mapya, kama vile tendo jema moja halitoshi kumfanya mtu awe mwema. Ni mfano mzuri. Lakini Aristotle huyo huyo, katika maandishi yake kuhusu wanyama, aliandika kwamba baadhi ya mbayuwayu hawasafiri wakati wa baridi, bali hujificha mashimoni na wamewahi kukutwa humo bila manyoya. Wasomi wa Ulaya walirudia jambo hilo karne nyingi. Mwaka 1555 Olaus Magnus, askofu mkuu Msweden, aliandika kwamba wavuvi wa kaskazini huwavua mbayuwayu kutoka majini, wakiwa wamelala kwa makundi.

Hapa mvuvi yeyote wa Ujiji angecheka. Wavu huleta dagaa na migebuka, wakati mwingine kuhe. Haujawahi kuleta mbayuwayu. Wakati Ulaya ikibishana kama ndege hawa wamelala mashimoni au majini, wao walikuwa hapa, juu ya vichwa vya watu, mchana kweupe.

Ushahidi uliwafikia taratibu. Mwaka 1822, karibu na kijiji cha Klütz huko Ujerumani, aliuawa korongo mweupe aliyekuwa amechomwa shingoni na mkuki mrefu wa Kiafrika. Alikuwa ameruka nao hadi Ulaya. Mpaka leo amehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Rostock. Mwaka 1911 mbayuwayu mmoja alivishwa pete mguuni huko Staffordshire, Uingereza, na mwezi Desemba 1912 akakutwa Natal, Afrika Kusini. Ndipo njia yake ilipojulikana kwa hakika.

Najiuliza: kwa nini habari hiyo haikutoka kwetu? Ujiji haikuwa imefichika. Misafara ilipita hapa. Burton na Speke walifika Februari 1858. Stanley alimkuta Livingstone hapa mwaka 1871, katika majira yale yale ambayo mbayuwayu huwa wameshafika. Livingstone alikuwa akihangaika kutafuta chanzo cha Mto Nile, na ndege wanaoufuata mto huo kusini kila mwaka huenda walikuwa wakimpita juu ya kofia. Wamisionari wa Afrika, mababa zetu katika imani, walifika Ujiji Januari 1879, mvua zikinyesha na mbayuwayu wakiwapo.

Wazee wetu walijua ndege hawa huja na kuondoka. Hawakujua wanakokwenda, kama vile Wazungu hawakujua wanakotoka. Kila upande ulishika nusu ya ukweli. Nusu ya Ulaya iliandikwa, ikasahihishwa na kuandikwa tena. Nusu yetu ilibaki midomoni mwa wavuvi na inazikwa pamoja nao. Mzee jirani yangu ana zaidi ya miaka themanini. Akiondoka, nani mwingine mtaani kwetu atanyoosha kidole ziwani mwezi wa Oktoba?

Yeremia aliwaona ndege hawa hawa

Nimesema kuangalia ndege ni sehemu ya imani. Sisemi hivyo ili kuipamba makala. Nabii Yeremia, sura ya 8 aya ya 7, anawataja korongo, hua na mbayuwayu kama viumbe wanaojua majira yao na kushika wakati wa kuja kwao, kisha anawalaumu watu wa Mungu kwa kutoijua hukumu ya Bwana wao. Kwa miaka mingi niliisoma aya hiyo kama tamathali tu ya semi. Sikujua kwamba nchi ya Yuda iko katika njia kuu ya ndege wahamao. Korongo weupe hawapendi kuvuka bahari kubwa, kwa sababu wanategemea hewa moto inayopanda kutoka nchi kavu. Kwa hiyo huizunguka Mediteranea upande wa mashariki, hupita juu ya Nchi Takatifu na Sinai, huufuata Mto Nile na kuingia Afrika Mashariki. Yeremia alipoinua macho aliwaona ndege walioko safarini kuja kwetu, au waliotoka kwetu. Mfano alioutumia kuwakemea watu wa Yerusalemu ulikuwa umeshiba nzige wa mbuga za Afrika.

Bwana wetu naye, katika Mathayo 6:26, alituagiza tuwaangalie ndege wa angani. Kitenzi kilichotumika katika Kigiriki kina maana ya kukaza macho, siyo kutupia jicho. Mara nyingi tunakimbilia sehemu ya pili ya fundisho, kwamba tusihangaike, tukairuka ile ya kwanza. Nani kati yetu amewahi kutii agizo hilo kama lilivyo, akasimama dakika kumi amkazie macho ndege mmoja?

Mtakatifu Tomaso wa Akwino anafundisha kwamba Mungu aliumba viumbe wengi na wa namna nyingi kwa sababu kiumbe kimoja peke yake kisingetosha kuonyesha wema wake. Hayati Papa Fransisko, katika waraka wa Laudato Si' wa mwaka 2015, aliichukua hoja hiyo mbele: aina ya kiumbe inayotoweka kwa sababu yetu haitamtukuza tena Mungu kwa kuwepo kwake, wala haitatupa sisi ujumbe wake, na haki ya kufanya hivyo hatuna. Nikiyaweka mafundisho hayo mawili pamoja, naona kwamba mtu asiyeweza kumtofautisha mbayuwayu na mbayuwayu amesoma ukurasa mmoja wa kitabu na kudhani amekimaliza.

Neno "wageni"

Kuna jambo jingine linalonisumbua kuhusu kikao kile. Ni lile neno wageni, na jinsi lilivyotosha. Baada ya kulisikia, hakuna aliyeuliza swali tena. Sisi watu wa Kigoma tunalijua neno hilo. Mkoa wetu umepokea wakimbizi wa Burundi na Kongo kwa vizazi. Kambi ya Nyarugusu ipo tangu 1996, na mwezi Mei 2015 meli ya MV Liemba ilikwenda na kurudi ikiwasafirisha maelfu ya Warundi kutoka Kagunga mpaka Kigoma. Tumefanya mema mengi ambayo dunia haikuyaandika. Lakini pia nimesikia, hata katika uwanja wa kanisa, neno wageni likitumika kufunga mjadala kama lilivyotumika siku ile.

Mtu si ndege, na sitaki kufananisha kirahisi. Mbayuwayu anasukumwa na mwili wake na urefu wa mchana, wakati mkimbizi anasukumwa na bunduki na njaa. Ninachofananisha ni sisi tunaotazama. Tabia ya kumpa kiumbe jina kabla ya kumwangalia ni ile ile, na haianzi kwa binadamu. Inaanzia kwenye vitu vidogo tunavyodhani havina mwenyewe.

Wanaopinga

Kuna wanaosema ndege ni adui wa mkulima. Mkulima wa mpunga wa Luiche anayeamka usiku kulinda shamba dhidi ya kwelea kwelea ana haki ya kukasirika, nami simfundishi. Lakini mbayuwayu hali punje. Anakula wadudu warukao, na huwakamata wakiwa angani. Anayewapiga wote kwa sababu ya kwelea anafanya kama tulivyofanya sisi kanisani.

Wengine husema nyumba ya Mungu lazima iwe safi. Nakubali kabisa. Lakini ubao mmoja wa mbao uliopigiliwa chini ya kiota, upana wa kiganja na nusu, hupokea kinyesi chote, na fundi huhitaji misumari minne tu. Mwandishi wa Zaburi ya 84 alimwona mbayuwayu ameweka makinda yake karibu na altare za Bwana, na hakuagiza ngazi. Alimwonea wivu.

Wengine watasema tuna shida kubwa zaidi kuliko ndege. Ni kweli. Ziwa limepanda na kufuata nyumba za watu, samaki wamepungua, na mwaka 2024 Serikali ilisimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili samaki wazaliane. Wavuvi wetu waliumia. Lakini hapo hapo tunajifunza kitu. Tuliagizwa na sheria kupumzisha ziwa kwa sababu kwa miaka mingi hatukuliangalia. Mwenye mazoea ya kuangalia huona mapema. Ndege hawa hufika karibu tarehe zile zile kwa sababu safari yao inaongozwa na urefu wa mchana huko watokako. Mvua zetu hazina uaminifu huo. Anayeandika tarehe zote mbili, ya mbayuwayu na ya mvua ya kwanza, miaka kumi mfululizo, atakuwa na la kusema juu ya mabadiliko ya tabianchi hapa Ujiji, kwa mwandiko wake mwenyewe.

Tufanye nini?

Napendekeza mambo matatu, na yote hayahitaji mchango wa fedha.

La kwanza, halmashauri za parokia na vigango, na sisi seminarini, tukubaliane kwamba kiota chenye mayai au makinda hakibomolewi. Kazi ya rangi ifanyike kiangazi, viota vikiwa vitupu. Penye uchafu uwekwe ubao.

La pili, walezi wa Utoto Mtakatifu wawaombe watoto waweke manati chini, na wawape badala yake kazi ya kuangalia. Mtoto anayejua kulenga ana macho makali kuliko sisi wote. Mwulize mbayuwayu wa leo ana koo jekundu au ana michirizi kifuani, utashangaa jibu lake.

La tatu, kila Jumuiya Ndogo Ndogo iwe na daftari moja. Iandike siku mbayuwayu wa kwanza alipoonekana, siku ya mvua ya kwanza, siku nyaya zilipobaki tupu. Wazee waulizwe kwanza, Wakristo na Waislamu, kabla hawajaondoka na ile nusu yetu ya ukweli. Mimi daftari langu limeanza. Mstari wa kwanza una tarehe ya Oktoba, neno Ujiji, na namba saba.

Desemba, Mungu akipenda, nitakuwa likizo. Nimeshamwomba paroko ruhusa ya kupigilia mbao nne chini ya paa la kanisa lile lile. Alinisikiliza, akatabasamu, akasema: "Sawa, Frateri. Ila ngazi utashika wewe."